Biashara ya kulea mbwa: Faida iko katika kumkataa mteja

WAFANYABIASHARA wengi wamezoea msemo kwamba mteja ni mfalme. Lakini ipo biashara moja ambayo mwenye nayo akimpokea kila anayebisha hodi, huenda akafunga milango mapema. Hiyo ni biashara ya kulea mbwa mchana, wakati wenye mbwa wakiwa kazini.

Biashara hii imeshamiri katika miji ya Marekani na Uingereza. Mwenye mbwa humpeleka kituoni asubuhi, kama mzazi anavyompeleka mtoto chekechea, na kumchukua jioni. Katika miji hiyo watu wengi hushinda kazini na nyumba nyingi hazina uwanja. Mbwa anayeachwa peke yake kutwa nzima huweza kubweka, kutafuna viti na kuleta ugomvi na majirani.

Kwa haraka mtu anaweza kudhani kwamba kinachouzwa hapo ni uangalizi tu. Ukweli ni kwamba mteja ananunua pia tabia na afya ya mbwa wa wateja wengine. Mbwa wake atashinda nao, atacheza nao na kunywa nao maji chombo kimoja. Samaki mmoja akioza wote wameoza, na mbwa mmoja mkali anaweza kuwafukuza wateja kumi kwa asubuhi moja.

Ndiyo maana vituo makini huwa na masharti kabla ya bei. La kwanza ni cheti cha chanjo. La pili ni siku ya majaribio, ambapo mbwa mgeni hukutanishwa na wenzake mmoja mmoja huku mhudumu akimtazama. Vituo vingi pia havipokei jike aliye kwenye joto, na vingine hudai mbwa awe amehasiwa akishafikisha umri fulani.

Katika majaribio hayo hatafutwi mbwa mpole kupita kiasi. Anayetakiwa ni yule anayeitika akiitwa, asiyegombania chakula wala mpira, asiyewapanda wenzake bila kukoma na anayemwacha mwenzake akionyesha kuchoka. Mbwa anayeinamisha kifua na kuinua makalio anaalika mchezo. Anayekaza mwili na kukodoa macho anatoa onyo. Anayefyata mkia, kulaza masikio na kujilamba midomo ana hofu, na mbwa mwenye hofu naye huuma.

Nchini England mambo haya hayakuachwa kwa hiari ya mfanyabiashara. Kanuni za mwaka 2018, zilizoanza kutumika Oktoba 1 mwaka huo, zinamtaka mwenye kituo awe na leseni ya halmashauri. Zinaagiza kila mbwa achunguzwe kabla ya kupokewa, ili ijulikane kwamba haogopi mbwa wenzake au watu, na kwamba si hatari kwao. Mbwa anayeonyesha dalili za ugonjwa, jeraha au tabia isiyo ya kawaida hutengwa mara moja. Aidha, hakuna mbwa anayeruhusiwa kulala kituoni, kwani hiyo ni leseni nyingine.

Mwongozo wa kanuni hizo unataka mhudumu mmoja asiangalie zaidi ya mbwa 10, na kila mbwa awe na eneo lisilopungua mita 6 za mraba. Hapo ndipo hesabu ya biashara inapoanza. Kituo chenye mbwa 30 kinahitaji wahudumu watatu na mita 180 za mraba. Akiongezeka mbwa wa 31, anahitajika mhudumu wa nne, ambaye mshahara wake hauwezi kulipwa na ada ya mbwa huyo mmoja.

Kishawishi cha mwenye kituo basi ni kubana. Akiingiza mbwa watano zaidi bila kuongeza mtu, mapato ya siku hiyo yatapanda. Lakini mhudumu aliyezidiwa haoni ugomvi unapoanza, na jeraha moja huweza kumgharimu daktari wa mifugo, fidia na jina. Halmashauri nazo hutoa nyota kuanzia moja hadi tano, na kituo chenye nyota nyingi hupata leseni ndefu zaidi, hadi miaka mitatu. Kwa maneno mengine, sheria imefanya nidhamu iwe na thamani ya fedha.

Kwa Afrika Mashariki somo hili si la mbali. Katika miji kama Nairobi na Dar es Salaam wapo wanaolipwa kutunza mbwa wa watu wanaosafiri. Anayetaka kuikuza kazi hiyo hana budi kuanza na kichaa cha mbwa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mbwa ndio chanzo cha asilimia 99 ya maambukizi ya ugonjwa huo kwa binadamu, na dalili zikishajitokeza mgonjwa karibu kila mara hufa. Ipo pia homa ya mgunda, iliyozuka mkoani Lindi mwaka 2022. Mbwa anaweza kuambukizwa na kuueneza ugonjwa huo kwa mkojo, na chanjo yake kwa mbwa ipo.

Hata hivyo, kumkataa mbwa si lazima iwe kumpoteza mteja. Mbwa asiyewaweza wenzake anaweza kutembezwa peke yake, kufundishwa, au kurudishwa baada ya miezi kadhaa kwa majaribio mapya. Huduma hizo nazo zina bei. Muhimu ni mwenye mbwa aelezwe masharti hayo kwa maandishi siku ya kwanza, asije akayasikia siku ya ugomvi.

Naye mwenye mbwa ana kipimo chake rahisi. Akifika kituoni na mbwa wake akapokewa bila kuulizwa cheti cha chanjo wala tabia yake, asifurahie wepesi huo. Ajue kwamba wale mbwa wengine waliomo ndani nao waliingia hivyo hivyo.