Bustani ya Babeli na maji ya Ewaso Nyiro

Kila mwanafunzi aliyepata kusikia habari za maajabu saba ya dunia ya kale anaijua bustani ya Babeli. Mfalme Nebukadneza amemwoa binti wa Umedi. Binti anaililia milima ya kwao. Mfalme anamjengea mlima wa miti katikati ya tambarare. Ni hadithi tamu. Ila maandishi ya mfalme mwenyewe, aliyejisifia kuta na mahekalu yake, hayaitaji bustani hiyo kamwe. Herodoto naye aliusimulia mji ule kwa kirefu asiiguse. Mnamo 2013 Stephanie Dalley, mtaalamu wa maandishi ya kale wa Oxford, alitoa kitabu akishikilia kwamba bustani ilikuwa Ninawi, nayo ni kazi ya Senakeribu, aliyetawala tangu 705 hadi 681 kabla ya Kristo. Mojawapo ya hoja zake ni mifereji: huko Jerwan, kaskazini mwa Iraki, yangalipo mabaki ya daraja la mawe, urefu wake mita zipatazo 280, lililovusha maji ya milimani juu ya bonde.

Ugomvi huo nawaachia wataalamu. Langu ni kwamba madarasani tunamkariri mfalme na mkewe, maji tunayasahau. Strabo aliandika kwamba waliwekwa watu mahususi wa kuyapandisha maji ya Frati bila kukoma. Walikuwa akina nani? Na walioishi chini ya mto walibakiwa na nini?

Mwanafunzi wa Isiolo hana haja ya kwenda Iraki kulitafakari swali hilo. Ewaso Nyiro huanzia Mlima Kenya na Nyandarua. Maji yake hunywesha kwanza mashamba ya pande za Nanyuki na Timau, yakiwamo ya mboga na maua yauzwayo Ulaya, ndipo yaelekee Archer's Post, Merti na kinamasi cha Lorian. (Lorian nayo ilikuwa na hadithi yake: Mmarekani William Astor Chanler aliifuata mwaka 1892 akitarajia ziwa kubwa, akakuta matete.) Kiangazi kikikaza, mto hukatika kwa makumi ya kilomita, na mfugaji huwaswaga ng'ombe kutafuta visima. Ukame una sehemu yake, sikatai, lakini mifereji ya juu nayo ina yake.

Simlaumu mkulima wa Timau kwa kupanda. Naye ana watoto wa kulisha. Sheria ya Maji ya 2002 iliwapa nafasi watumiaji wa mto mmoja kuunda vyama na kusikilizana, na ile ya 2016 ikavidumisha vyama hivyo. Ni wanafunzi wangapi wanaojua kwamba vipo?

Basi mwalimu atakapoibandika ukutani picha ya bustani ya Babeli, na abandike kando yake ramani ya Ewaso Nyiro, kisha ampe nafasi ya kwanza ya kusema mwanafunzi atokaye Merti.