Anotesheni Haziwezi Kukujulia SQL

Kuna maneno yamenichosha. Kila nikikutana na vijana wanaotengeneza programu kwa Java, hasa hawa waliotoka chuoni juzi, nasikia wimbo ule ule: "Siku hizi SQL ya nini? Weka @Entity tu, Hibernate itamalizia." Leo nayapinga maneno haya waziwazi, kwa sababu yanawaumiza watu ambao hata hawajui Java ni nini.

Nianze na wale wageni wa mambo haya. Programu ya Java hufikiri kwa objekti: mwanachama, mkopo, mchango. Hifadhidata nyingi, kwa kufuata wazo alilolichapisha E. F. Codd mwaka 1970, hupanga mambo hayo hayo katika majedwali yenye safu na mistari. Hizo ni lugha mbili tofauti, na kati yao lazima awepo mkalimani. Hibernate, iliyoanzishwa na Gavin King mwaka 2001, ni mmoja wa wakalimani hao. Anotesheni nazo ni vibandiko unavyoviweka juu ya klasi ili mkalimani ajue nini kiende wapi. Tuchukue sacco ya kawaida:

@Entity
@Table(name = "mikopo")
public class Mkopo {
    @Id
    private Long id;

    @ManyToOne
    private Mwanachama mwanachama;

    @Enumerated
    private HaliYaMkopo hali;
}

Sisemi anotesheni ni mbaya. Kabla Java 5 haijatoka mwaka 2004, ramani kama hii iliandikwa kwenye faili za XML, mbali na klasi yenyewe. Ukibadilisha jina la uga kwenye klasi ukasahau kulibadilisha kwenye XML, programu inakataa kuwaka. JPA ilipotoka mwaka 2006 na anotesheni zake sanifu, wengi tulishusha pumzi. Ramani sasa inakaa pale pale penye kitu chenyewe. Hiyo ni faida kubwa na siikatai.

Lakini hebu itazame tena ile klasi fupi hapo juu. Ina mitego miwili, na yote miwili inatokana na vitu ambavyo havikuandikwa.

Mtego wa kwanza ni @Enumerated. Usipoiambia vingine, JPA huhifadhi hali ya mkopo kama namba ya nafasi yake kwenye orodha. Tuseme orodha yako ni OMBI, HAI, UMELIPWA. Kwenye jedwali zitaingia 0, 1 na 2. Miezi sita baadaye meneja anataka hali mpya, UMEKATALIWA. Kijana wetu anaiweka pale inapoonekana kufaa, baada ya OMBI. Programu inakubali na inawaka bila malalamiko. Sasa 1 maana yake ni UMEKATALIWA, na 2 maana yake ni HAI. Mikopo yote iliyokuwa hai inasomeka kuwa ilikataliwa. Yule mama wa sokoni aliyemaliza kulipa mwaka jana anaambiwa bado anadaiwa. Hakuna aliyegusa hata mstari mmoja wa hifadhidata, na bado hesabu za watu zimeharibika. Dawa yake ni neno moja, EnumType.STRING, lakini neno hilo utalitafuta tu ikiwa una mazoea ya kufungua jedwali na kuangalia kilichomo.

Mtego wa pili ni @ManyToOne. Kwa kanuni ya JPA, chaguo-msingi lake ni EAGER, yaani kila ukileta mkopo, mwanachama wake aletwe hapo hapo. Waombe Hibernate wakuletee mikopo 500 kwa JPQL ya kawaida, kila mmoja ukiwa wa mwanachama wake. Itauliza swali moja kuleta mikopo, kisha maswali 500 mengine, moja kwa kila mwanachama. Jumla 501, kwa kazi ambayo JOIN moja ingeimaliza.

Kwenye tarakilishi yako, ukijaribu na mikopo mitano, huoni kitu. Sasa peleka programu kazini. Kama kila swali linachukua milisekunde 2, ukurasa unasubiri sekunde nzima. Kama programu iko Nairobi na hifadhidata imekodishwa Ulaya, na safari ya kwenda na kurudi ni milisekunde 150, piga hesabu: zaidi ya sekunde 75. Karani amekaa, foleni imefika mlangoni, na kijana wetu anapendekeza wanunue seva kubwa zaidi! Seva haina kosa. Kinachotakiwa ni FetchType.LAZY kwenye ramani, na JOIN FETCH pale unapowahitaji wanachama pamoja na mikopo yao.

Na kuna tabia ya tatu, ambayo kwangu ndiyo mbaya kuliko zote: kumwachia mkalimani ajenge majedwali mwenyewe kwa hbm2ddl.auto=update, hata kwenye mfumo unaotumika kila siku. Badilisha jina la uga kutoka "simu" kuwa "nambariYaSimu" uone. Hibernate haijui kwamba ni kitu kile kile. Itaongeza safu mpya, tupu, na kuiacha ile ya zamani na namba zote za wateja ndani yake. Kesho yake ujumbe wa kukumbusha malipo haumfikii mtu yeyote.

Najua nitakavyojibiwa. "Haya yote yameelezwa kwenye maelezo rasmi, wewe unalaumu nini?" Ni kweli yameelezwa. Lakini maelezo hayo yanamchukulia msomaji kuwa anajua ufunguo wa nje ni nini, JOIN ni nini, na swali la SQL linagharimu nini. Asiyejua hayo atanakili mfano wa kwanza anaoukuta na kwenda zake. Waliounda JPA hawakusema imekuja kuondoa SQL. Hayo tumeyazua sisi, kwa kuwa yanapendeza masikioni.

Nimewahoji vijana wanaotafuta kazi. Mtu anakutajia anotesheni kumi bila kupumua, ukimpa karatasi aandike swali la kuonyesha wanachama wasio na mkopo, anatazama dari. Simlaumu yeye peke yake. Nawalaumu wanaomfundisha kuanzia juu, kama fundi anayeezeka paa kabla ya msingi. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Sasa tunalea mabaharia wasiojua jahazi lao limeundwa kwa mbao gani.

Mwaka ule ule wa 2006, Ted Neward alilinganisha kazi hii ya kuoanisha objekti na majedwali na vita vya Marekani kule Vietnam: kuingia ni rahisi, kutoka na ushindi ni balaa. Mimi sifiki huko. Naitumia Hibernate na nitaendelea kuitumia. Ila majedwali nayaandika kwa SQL kwa mkono wangu na kuyabadilisha kwa Flyway. Hibernate naiachia "validate", yaani ikague tu. Ripoti kubwa naziandika kwa SQL tupu. Anotesheni zinakuja mwisho, kueleza jedwali ambalo tayari nalifahamu.

Kama unaona nakuza mambo, fanya jaribio dogo. Washa hibernate.show_sql kwenye programu yako, fungua ukurasa mmoja wenye orodha, kisha hesabu maswali yanayopita. Ukiweza kuyasoma na kusema kwa nini kila moja liko pale, anotesheni ni haki yako, zitumie. Usipoweza, basi hela za watu ziko mikononi mwa programu ambayo hata wewe uliyeiandika huijui. Funga Java kwa wiki mbili, ukajifunze SQL.