Masomo ya Kupima Programu: Chama Kisikae Kimya



Katika mikutano ya matawi ya Kitui na Makueni tumeulizwa swali moja tena na tena, na wazazi wameliuliza kuliko vijana. Wasema: je, haya masomo ya bure ya kwenye intaneti, ambayo mtoto wangu hukesha akiyatazama katika simu, yana kazi mwisho wake, au ni kuharibu macho na kumaliza fedha za bando? Zaidi wauliza juu ya masomo ya kupima programu za kompyuta, maana hayo ndiyo yasifiwayo kwamba hayahitaji digrii. Tumeona yafaa tutoe rai yetu hapa waziwazi, asije mtu akasema kwamba chama kilijua kikanyamaza.

Rai yetu ni hii. Kazi hiyo ni kazi ya kweli, na masomo yake ni ya bure kweli. Lakini kijana anayejifunza peke yake gizani, kwa simu iliyopasuka kioo, ndiye anayebeba gharama zote zilizofichwa nyuma ya neno "bure", na akimaliza ndiye anayenunuliwa kwa bei ya chini kabisa. Kwa hiyo jambo hili ni la chama, kama saa za kazi na mishahara zilivyo za chama.

Kwanza kazi yenyewe, kwa kuwa wengi wetu hawaijui. Programu ni maagizo yaliyoandikwa na mtu ili kompyuta au simu ifanye jambo fulani. Mtu hukosea, basi na maagizo yake hukosea. Mpimaji ni yule anayeitumia programu kabla ya wananchi kuitumia, akitafuta kwa makusudi mahali itakapoharibika. Chukueni programu ya mikopo iliyoagizwa itoe kuanzia shilingi 500 hadi 50,000. Mtu wa kawaida atajaribu 3,000, ataona imekubali, ataridhika. Mpimaji atajaribu 499, kisha 500, kisha 50,000, kisha 50,001, kwa kuwa makosa hupenda kukaa mpakani. Tena atajaribu sifuri, na herufi mahali pa tarakimu, na kukata mtandao katikati ya kutuma, na kubonyeza mara mbili. Akipata kosa haandiki "haifanyi kazi" akaenda zake. Huandika alitumia simu gani, alibonyeza nini na kwa utaratibu gani, alitazamia nini na akapata nini, hata mtu aliye Nairobi au ng'ambo aweze kulirudia kosa lile lile mbele ya macho yake. Kosa likirekebishwa, hupima tena tangu mwanzo, maana mara nyingi kuziba tundu moja hutoboa jingine. Karani wa ghala aliyezoea kuhesabu magunia na kuandika upungufu bila kumwogopa tajiri wake amekwisha kujifunza nusu ya kazi hii.

Wale wanaodhani haya ni mambo madogo na wakumbuke uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013. Matokeo yalipokuwa yakionyeshwa, hesabu ya kura zilizokataliwa ilipanda ikapita 300,000, na nchi nzima ikashika roho mkononi. Baadaye Tume ya Uchaguzi ilieleza kwamba programu ilikuwa ikizizidisha kura hizo mara nane. Hesabu ya mwisho ilikuwa 108,975. Kosa la kuzidisha! Mtu mmoja aliyeketi na karatasi na kalamu, akaingiza kura kumi zilizokataliwa na kutazama kama zitatoka kumi, angeliliona kabla ya siku ya kupiga kura.

Na huko Uingereza yalitokea mabaya zaidi, nasi twaomba kila mwakilishi wa chama kazini ayajue. Mwaka 1999 Posta ya nchi ile ilianza kuwapa wasimamizi wa vituo vyake vidogo programu ya hesabu iitwayo Horizon. Programu ikaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwako. Wasimamizi walipolalamika waliambiwa kwamba mashine haikosei. Kufikia mwaka 2015 zaidi ya watu 900 walikuwa wamehukumiwa kwa wizi na udanganyifu wa hesabu. Wengine walifungwa, wengine walifilisika. Mahakama Kuu ilisema Desemba 2019 kwamba programu ilikuwa na makosa yaliyoweza kuleta upungufu wa namna hiyo, na sheria ya kuzifuta hukumu zile ilipitishwa Mei 2024. Je, chama cha wasimamizi hao kilikuwa wapi? Mwezi Machi 2019 jaji alisema kwamba hakikuwa huru mbele ya Posta. Hilo lituume sisi. Leo karani wa sacco, mwuza duka la jumla, dereva na mpima maziwa wote wana mashine inayotoa ushahidi juu yao, na siku mashine itakaposema "pana upungufu", mwanachama atahitaji mwenziwe anayejua kuihoji mashine.

Sisi wenyewe tumekwisha kuonja. Tulipoanza kukusanya ada za chama kwa simu, programu tuliyouziwa na kampuni moja ilikata ada mara mbili kwa wanachama kadhaa wa upande wa Mwingi, nasi tukawajibu, twakiri kwa aibu, kwamba labda wamesahau kuwa walilipa. Binti wa mwanachama mmoja, aliyekuwa amesoma masomo haya ya bure kwa muda wa wiki sita tu, ndiye aliyegundua jambo. Mtandao ukiwa mzito na mtu akibonyeza tena kabla ya jibu kurudi, malipo yalikwenda mawili. Aliandika ukurasa mmoja, hatua kwa hatua. Kampuni iliyokuwa imetuambia kwa miezi mitatu kwamba hakuna kosa ilirekebisha kwa siku mbili. Fedha zilirudishwa. Binti yule hakulipwa kitu, na hiyo ndiyo sehemu ya hadithi isiyotupendeza.

Sasa masomo. Yako mengi, na si yote yaliyo sawa. Lipo shirika la kimataifa la mitihani ya upimaji, ISTQB, lililoanzishwa mwaka 2002. Kitabu chake cha mafunzo ya msingi hupatikana bure, kurasa zake si nyingi, na yafaa kila anayeanza akisome. Hukumu ya kwanza kitabuni humo ni kwamba kupima huonyesha kuwa makosa yapo, wala hakuwezi kuthibitisha kuwa hayapo. Sentensi hiyo pekee ingeliwasaidia wale wasimamizi wa Posta. Mtihani wake ni maswali 40 kwa dakika 60, na mtu hufaulu akipata 26. Anayefanya mtihani kwa lugha isiyo yake anaruhusiwa dakika 15 zaidi, basi msione haya kuziomba. Lakini mtihani hulipiwa, na ada yake si ya kuchezea kwa nyumba inayongoja ndengu ziuzwe. Yako pia mafunzo ya bure ya Cem Kaner, aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu huko Florida, ambayo sisi twayapenda kwa sababu yanamfundisha mtu kufikiri na kubisha. Kwa wale wanaotaka kuandika majaribio yanayojiendesha yenyewe, chombo kiitwacho Selenium ni cha bure tangu kilipoanzishwa mwaka 2004, na Test Automation University hufundisha vyombo vya namna hiyo bila malipo. Tena kuna makampuni yanayokuacha utazame masomo bure, kisha hudai fedha ukitaka cheti. Hayo twawashauri muyasome, cheti mkiache. Tajiri mwenye akili atauliza umepata makosa gani na umeyaandikaje. Atakayeridhika na karatasi yenye nembo ya kupendeza, huyo mtilieni shaka.

Vijana wasidanganywe na upande wa pili vilevile. Kazi ya kubonyeza kwa mkono tu inapungua, maana mashine, na sasa akili bandia, zinafanya sehemu yake. Anayejifunza leo hana budi kuendelea hadi kuandika majaribio, na hilo huchukua miezi, kwa kompyuta. Kwa simu haliwezekani.

Na hapo ndipo gharama zinapoanza. Bando. Umeme. Kompyuta. Kiingereza, kwa kuwa karibu masomo yote ni ya Kiingereza. Na muda, ambao hausemwi hata kidogo: msichana wa Kitui anayetembea kwenda kisimani na kurudi asubuhi hana saa zile zile alizo nazo mwenziwe wa mjini, hata kama somo ni lile lile. Serikali ilianzisha mpango wa Ajira mwaka 2016 ili kuwafundisha vijana kazi za intaneti bila malipo, na Kaunti ya Makueni imejenga vituo vya habari vya wananchi vyenye kompyuta. Twashukuru, wala hatusemi kwa kejeli. Lakini kituo kinachofungwa saa kumi na moja jioni hakimfai anayefanya kibarua hadi saa kumi na mbili. Pale Malili, Makueni, mji wa Konza, uliowekewa jiwe la msingi Januari 2013 juu ya ekari 5,000, una jumba la kutunzia habari za kompyuta la taifa, na mtu aliye katika basi la Mombasa huliona eneo hilo kando ya barabara. Twauliza bila hasira: wapimaji wa programu zitakazotumika humo watatoka wapi? Kama hatukujiandaa, watoto wetu watakuwa mabawabu wa lango.

Kuna jambo jingine baya linalongoja mwisho wa masomo. Yako makampuni ya ng'ambo yanayogawa kazi ya kupima kwa umati wa watu duniani kote. Kujiandikisha ni bure. Mara nyingi hulipa kwa kosa moja moja lililokubaliwa. Aliyepima siku nzima asione kosa hapati kitu. Aliyeona kosa, lakini mtu wa nchi nyingine akamtangulia kulipeleka kwa dakika tano, hapati kitu vilevile. Wazee waliokata mkonge huko Kibwezi waijua kazi ya kipande na ubaya wake. Lakini hata mkata mkonge alihesabiwa matita aliyoyakata yeye, wala hakuambiwa kwamba hayahesabiki kwa kuwa jirani alikata kama hayo kabla yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaitambua kazi ya kipande na kuagiza ilipwe. Makampuni haya hukwepa kwa kumwita mfanya kazi "mkandarasi huru". Uhuru gani huo? Tarehe 1 Mei 2023 wafanya kazi zaidi ya 150 wanaochuja picha na maandishi ya mitandao walikutana Nairobi wakaamua kuunda chama chao. Walifanya vyema, na wapimaji nao wangojewa.

Kwa hiyo twapendekeza mwethya. Ukambani hakuna haja ya kulieleza neno hilo: matuta yanayozuia udongo wetu usichukuliwe na mvua yalichimbwa kwa mwethya, na hakuna aliyeambiwa achimbe ya kwake peke yake kwa kijiko. Hata pale Kwa Vonza, ilipo leo SEKU, chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka 2013, palikuwa kwanza na Chuo cha Kilimo cha Ukamba kilichotokana na harambee. Kila tawi na litoe ofisi yake jioni mbili kwa juma. Bando moja la ofisi watumie watu kumi, badala ya kumi kununua kumi. Masomo yapakuliwe mara moja, yatazamwe pamoja, na yule ajuaye Kiingereza awafasirie wenzake kwa Kiswahili au Kikamba. Kisha wapime vitu vya kweli: kwanza programu yetu wenyewe ya ada, halafu za sacco zitakazokubali. Kila kosa liandikwe katika daftari, na daftari hilo ndilo kijana atakaloonyesha anapotafuta kazi. Atakayefika kiwango cha mtihani akopeshwe ada na mfuko wa chama, alipe akipata kazi. Na kuanzia sasa atakayekipimia chama programu alipwe kwa saa, tukianza na deni letu kwa binti wa Mwingi.

Katika halmashauri wako waliopinga. Wasema ada ni za makarani na madereva walio kazini, si za vijana ambao hawajaajiriwa. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuipuuzi. Fedha za chama si nyingi, na mwaka huu tuna kesi mbili mahakamani. Lakini katika walioomba kusoma, kama nusu ni wanachama wenyewe waliopunguzwa kazini baada ya mashine kuletwa, na mmoja wao ana miaka 52. Tena hatuahidi kwamba kila atakayesoma atapata kazi. Atakayeahidi hivyo, na awe nani, mwulizeni yeye anapata nini.

Matawi ya Kitui mjini na Wote yataanza kwa majaribio ya miezi sita, kisha halmashauri itatazama hesabu na daftari za makosa, iamue kama Mwingi, Mutomo na Kibwezi wafuate. Wanaotaka kujiandikisha wapeleke majina kwa katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi. Mwenye kompyuta aje nayo, na waya wake, na kama anao waya mrefu wa umeme aje nao pia, kwa kuwa ofisi ya Wote ina soketi mbili tu na moja ni ya birika la chai.