Karatasi Inayofungua Midomo



Katika nyumba moja tunayoijua, bibi mwenye maradhi ya sukari alipewa dawa mara mbili kwa asubuhi moja. Bintiye alimpa baada ya sala ya Alfajiri, akatoka kwenda kazini. Mkaza mwana akampa tena wakati wa chai. Kabla ya Adhuhuri bibi alikuwa akitetemeka na kutokwa na jasho jingi. Alhamdulillahi, alinyweshwa maji ya sukari, akawahishwa hospitali, akapona. Yaliyotusikitisha zaidi ni maneno ya mkaza mwana: aliikuta pakiti ya vidonge mezani, imefunguliwa, akatia shaka; lakini aliona haya kumpigia wifiye simu na kumwuliza.

Haya ya namna hii haiko majumbani tu. Hata katika chumba cha upasuaji, mdogo huweza kuliona kosa la mkubwa wake akanyamaza. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikishwa kwa sauti kabla ya mgonjwa kupewa dawa ya usingizi, kabla ya kupasuliwa, na kabla ya kutolewa chumbani. Miongoni mwayo, kila mmoja hutaja jina lake na kazi yake. Ilipojaribiwa katika hospitali nane, ikiwemo moja ya Ifakara, Tanzania, vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha haikuwafundisha watu wale kazi mpya. Iliwapa wote ruhusa ya kusema.

Nasi tubandike karatasi kwenye kabati ya dawa: jina la dawa, saa, na aliyeitoa. Anayetoa atie alama papo hapo. Mwenye shaka aulize kwanza. Wakubwa wa nyumba ndio waanze kutia alama, ili mdogo asidhani kuwa kuuliza ni utovu wa adabu.

Wako watakaosema kuwa kuandikiana ni kutoaminiana. Tukumbuke kuwa aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, yatuamrisha kuandikiana deni. Ikiwa mali huandikwa, uhai wa mzazi wastahiki zaidi.

Bibi yule leo yu mzima, na karatasi i kabatini pake.

Wabillahi tawfiq.