Kilio cha Mtoto Hakimsafishi Baba

Iko imani iliyokita mizizi katika vikao vyetu vya ukoo mkoani Mara, tangu Mugango na vijiji vya ufuko wa ziwa hata Bunda na Butiama, ambayo wazee huitamka kwa utulivu wa watu wasiotazamia kupingwa, nayo ni kwamba mtoto akimlilia baba yake aliye mbali, hata kama baba huyo aliondoka nyumbani akimwacha mke na mkono uliovunjika na deni dukani, kilio hicho ni sauti ya damu, na damu, wasemavyo, ni nzito kuliko maji, tena haisemi uongo. Kikao kinapokwisha, mama huamriwa amfungulie baba mlango, au amfungashe mtoto aende kwa baba, kwa hoja kwamba shahidi aliye safi kuliko wote waliohudhuria, mtoto mdogo asiyejua hila, amekwisha kutoa ushahidi wake. Naipinga imani hiyo kwa moyo wangu wote, kwa sababu ni batili katika asili yake, na kwa sababu madhara yake hayamwangukii mzee hata mmoja wa wale wanaoitamka.

Sitakana kwamba mapenzi ya mtoto yule ni ya kweli. Baba amekwenda kambi ya uvuvi visiwani, au machimbo ya dhahabu ya Buhemba au Nyamongo, au amevuka mpaka pale Sirari akaingia Kenya, au yumo gerezani. Hatumi fedha wala salamu, na alipokuwapo nyumba nzima iliishi kwa kusikiliza namna anavyotembea uani ili ijue usiku ule utakuwaje. Juu ya hayo yote mtoto humngoja. Hulificha shati lake chini ya godoro lisije likageuzwa tambara, hupigana shuleni na wenzake wanaomtaja kwa ubaya, na ukimkumbusha kipigo alichokiona kwa macho yake atakwambia kwamba mama ndiye aliyemchokoza baba. Anayemcheka mtoto huyu hana huruma, na anayemwita mwongo hamjui. Lakini kuyaamini mapenzi yake ni jambo moja, na kuyafanya hati ya mwenendo mwema wa baba ni jambo jingine kabisa, wala sioni njia yoyote ya insafu inayoweza kututoa katika lile la kwanza ikatufikisha katika hili la pili.

Watu waliotumia umri wao kuichunguza mioyo ya watoto wamelieleza jambo hili kitambo. Ronald Fairbairn, tabibu wa nafsi wa Edinburgh, aliandika katika miaka ya 1940 kwamba watoto waliotoka katika nyumba za maovu walikuwa wazito mno kukiri kuwa wazazi wao ni wabaya, na badala yake waliubeba ubaya ule juu ya nafsi zao wenyewe. Mwenye kufikiri ataiona mantiki yake: mtoto akikubali kwamba baba ndiye mwenye kosa, basi hana pa kukimbilia, kwa kuwa hawezi kumbadili baba, bali akiamini kwamba yeye mwenyewe ndiye mkosa, walau limebaki tumaini kwamba siku atakapotengenea, baba atarudi na kumpenda. Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Harry Harlow aliwalea watoto wa kima kwa sanamu za mama zilizovikwa kitambaa, na baadhi ya sanamu hizo zilitengenezwa ili ziwapulizie hewa kwa nguvu wale waliozikumbatia. Watoto wale hawakukimbia. Kila walipoumizwa waliikumbatia sanamu ile ile iliyowaumiza, kwa kuwa kiumbe mdogo aliyeingiwa na hofu humkimbilia mlezi, na hajui kwenda kwingine hata mlezi akiwa ndiye chanzo cha hofu.

Sisemi kwamba mtoto wa Mugango ni kima. Nasema kwamba ukali wa kilio, ambao wazee wetu huupima kama kipimo cha uzuri wa baba, waweza kuwa kipimo cha hofu iliyopandwa na baba huyo huyo, na kwamba kikao kinachosema "tazameni anavyomlilia" kimeishika dalili ya ugonjwa kikaiita dalili ya afya.

Tena kuna faida ambayo kutokuwapo humpa mtu bila ya yeye kuifanyia kazi. Baba aliye ghaibu hakosei. Hamwamshi mtoto alfajiri akateke maji, hamnyimi fedha ya andazi kwa kuwa fedha haipo, wala hamgombezi kwa kupoteza daftari, na kila mwezi anapokosa kuonekana ndivyo sura yake inavyozidi kung'ara katika fikira za mtoto, hata mwisho anakuwa mtu ambaye hakuwahi kuishi. Mambo yote magumu ya malezi yamebaki mikononi mwa mama, naye kila siku, kwa kuwa yupo, anakosea.

Hapo ndipo nyumba inapoanza kupasuka, na hapo ndipo ningependa wazee wetu watazame kwa makini zaidi. Ghadhabu inayomstahili baba humwangukia mama, si kwa sababu mtoto hampendi mama, bali kwa sababu ana yakini kwamba mama hataondoka. Amejaribu kukasirika mbele ya baba akaona matokeo yake, na sasa amempata mtu mmoja duniani ambaye mbele yake kukasirika ni salama. Jirani anayesikia makelele hayo husema mtoto amemkataa mama na damu inamwita kwa baba. Dada mkubwa, ambaye usiku ule wa kipigo alikuwa macho na anakumbuka kila kitu, hawezi kumvumilia mdogo wake anayemtetea mtu yule, na wawili hao waliotoka tumbo moja huketi kwenye sinia moja bila kusemeshana. Bibi mzaa baba hupita na pipi na maneno ya chini kwa chini kwamba baba yuaja, anajenga, amebadilika. Mama akijaliwa kupata mume mwingine mwenye tabia njema, baba wa kambo huyo hugundua kwamba kila wema anaoutenda humwongezea mtoto chuki, kwa sababu kuupokea ni kumsaliti yule wa kwanza.

Naye mama, akiwa amechoka na amechokozwa, siku moja hutamka maneno ambayo nadhani kila nyumba ya namna hii imeyasikia: "Kama baba yako tu! Nenda kwa baba yako!" Maneno haya ni mabaya. Mtoto aliyekwisha kuamini kwamba ubaya wa nyumba ile umo ndani yake huyasikia kama hukumu iliyothibitishwa, na tangu siku hiyo kumtetea baba huwa ni kujitetea nafsi yake. Naliandika hili kwa akina mama bila kuwaficha, maana mume aliyekuumiza waweza kumwita kwa jina la matendo yake mbele ya wazee, polisi na hakimu, lakini mbele ya mtoto wake inatosha kusema kwamba alichotenda kilikuwa kibaya, wala mtoto hakukisababisha, na hakatazwi kumkumbuka. Hata hivyo siwezi kumtia mama aliyevunjwa mkono pamoja na wazee waliokaa vitini wakamrudishia aliyemvunja katika mizani moja. Huyo alikosea kwa uchovu, na hao walikosea kwa fahari ya hekima.

Wazee hao watasema kwamba wanaitetea mila, na mimi nadai kwamba wameisahau. Mila za Mara hazikuiabudu damu hata kidogo. Miongoni mwa Wakurya na baadhi ya jirani zao iko ndoa ya nyumba ntobhu, ambayo mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume hutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenziwe, na watoto watakaozaliwa huwa wa nyumba iliyotoa mahari, wala mwanamume aliyewazaa hana dai juu yao. Ikiwa damu ndiyo hakimu, ndoa hiyo ingewezekanaje? Huku ufukweni, Wakwaya, ambao Hugo Huber alichapisha kitabu juu ya ndoa na familia zao mwaka 1973, wana historia ya kuufuata upande wa mama katika mambo ya ukoo na urithi, mambo ambayo leo yanahubiriwa kana kwamba tangu kuumbwa kwa ulimwengu yalikuwa ya baba peke yake. Waliotutangulia walijua kwamba ubaba ni nyumba, wajibu na ulinzi. Na mtu akinijibu kwamba baba huyu ng'ombe alitoa, nitamkumbusha kwamba mahari ile ile iliwapa ndugu wa mke haki ya kumpokea anapoonewa, na ya kumwuliza mume sababu kabla hajamchukua tena.

Kilichowatia wengi katika upotofu nadhani ni mchanganyiko wa mila na karatasi. Mwaka 1963, baada ya kazi ndefu ya Hans Cory ya kukusanya sheria za makabila, Serikali ilitoa tangazo la sheria za mila lililoandika kwamba watoto waliozaliwa ndani ya ndoa ni wa baba, na maneno hayo yakasimama vichwani mwa watu kama msumari, ilhali sheria za nchi zilikwisha kwenda mbele. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 125, inaamuru kwamba katika suala la nani akae na mtoto jambo la kwanza ni ustawi wa mtoto. Ndipo yanapofuata matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto ikiwa amefika umri wa kuwa na rai yake mwenyewe, na desturi za jamii. Kifungu hicho kinadhani kuwa ni heri mtoto wa chini ya miaka 7 akae na mama, dhana ambayo yaweza kupingwa kwa ushahidi, lakini hakuna mahali kinaposema kwamba akitimiza miaka 7 anakuwa wa baba, ingawa maneno hayo nayasikia vikaoni kila mara yakitajwa kama aya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 39, inaitaka mahakama iyasikilize maoni ya mtoto endapo ameyatoa kwa uhuru wake, iwaweke ndugu pamoja inapofaa, na ikumbuke kwamba ni vyema mtoto akae na wazazi isipokuwa pale wazazi wanapozivunja haki zake mara kwa mara. Mtoto, basi, husikilizwa; wala hafanywi hakimu wa maisha yake akiwa na umri wa miaka 9, na bibi yake akiwa amemjaza pipi.

Kwamba shauku ya mtoto na usalama wake vyaweza kulindwa vyote viwili, mkoa wetu wenyewe umekwisha kuonyesha katika jambo lililo zito kuliko hili. Mwezi wa Desemba unapokaribia, hasa katika miaka ya shufwa ambayo koo nyingi za Wakurya hufanya tohara, wasichana huwakimbia wazazi wao ili wasikeketwe, wakapokewa katika kituo cha Masanga kule Tarime, au katika nyumba salama za Mugumu na Kiabakari zinazoendeshwa na shirika aliloliasisi Rhobi Samwelly. Wasichana hao wanawakimbia baba na mama wanaotaka kuwatia wembe, jambo ambalo sheria ya mwaka 1998 imelifanya kosa la jinai kwa aliye chini ya miaka 18, na bado wanawapenda, wanawalilia, wanataka kurudi nyumbani. Walezi hawawaambii kwamba mapenzi hayo ni upumbavu, wala hawawafungulii lango siku ya kwanza wanapolia. Msimu hungojwa upite, wazazi huitwa, polisi na ustawi wa jamii hukaa nao, na mzazi hutia saini kwamba hatamkeketa mtoto wake. Anayeahidi humpokea mtoto, na mtoto wa asiyeahidi hubaki alipo. Hapo kilio kimeheshimiwa, lakini aliyetakiwa kutoa ithibati ni mzazi.

Najua pingamizi lililobaki, na si la kupuuzwa: kwamba mtoto asiyemjua baba yake hukua na pengo, na kwamba mama mwenye chuki aweza kumsingizia mwanamume asiye na hatia. Yote mawili hutokea. Ndiyo sababu sitaki neno la mama peke yake limalize shauri, maana yuko mtendaji wa kijiji, yuko mganga wa zahanati aliyefunga jeraha, wako majirani waliosikia, na liko dawati la jinsia na watoto katika vituo vya polisi. Na pengo la asili huzibwa na mengi kabla ya kumkabidhi mtoto kwa mtu wa hatari: shangazi wa upande wa baba aweza kumfundisha majina ya mababu zake, babu aweza kumwonyesha kaburi na shamba la ukoo, na mtoto akaendelea kulala kwa mama.

Baba mwenyewe akitaka kumwona, aje mchana, hajanywa, aketi naye mbele ya mtu mzima ambaye pande zote mbili zinamwamini, au ofisini kwa afisa ustawi wa jamii, na kabla mtoto hajaletwa, wazee wale wale wamwulize yeye badala ya kumwuliza mtoto: anakiri alichomtendea mama wa mtoto huyu, na tangu alipoondoka amefanya nini kuhakikisha hatakitenda tena?