Walimu wa Nateete, Ingizeni Habari za Leo Darasani

Ndugu walimu, tusemezane bila kufichana. Mtoto wa Nateete, hapa Kampala, hufika shuleni akiwa ameshasikia mengi: ya redio ndani ya teksi, ya simu ya mama yake, ya vijana wa boda boda. Sisi tunamwambia ayaweke kando, afungue kitabu. Habari alizokuja nazo tunamwachia azichambue peke yake, na uongo uliochanganyika nazo. Hapo tunakosea.

Chukueni mfano wa Kiteezi. Jumamosi tarehe 10 Agosti 2024, jalala la jiji liliporomoka baada ya mvua kubwa, likafukia nyumba na watu. Taarifa za mwanzo mtandaoni zilitaja maiti wanane. Siku zilivyosonga, idadi ikapanda mpaka ikapita 30. Mwalimu na achukue taarifa mbili, ya mwanzo na ya wiki iliyofuata, awaulize wanafunzi: ipi ya uongo? Watabishana. Waache wabishane! Wakichoka watagundua kwamba huenda hakuna iliyodanganya. Kila moja ina siku yake, na asiyetazama tarehe hajui amesoma nini. Kisha waulizwe idadi ilitoka kwa nani: polisi, waokoaji, au jirani aliyekuwa hapo? Somo hilo halimo katika kitabu cha kiada, wala haliwezi kuwamo.

Tena Nateete ina bahati yake, kama ni bahati. Mfereji wa Nalukolongo ukifurika, habari hufika mtandaoni upesi. Darasa liisome, halafu litoke likatazame alama za maji kwenye kuta za maduka na kuwauliza wenye maduka. Kuna mwandishi gani atakayewadanganya watoto hao tena kirahisi?

Majibu yenu nayajua. Simu haziruhusiwi shuleni, na bando ni ghali: mwaka 2018 tulitozwa shilingi 200 kwa siku kuingia mitandao ya kijamii, na tangu Julai 2021 kodi ya asilimia 12 imewekwa kwenye bando lenyewe. Ni kweli. Lakini simu inayohitajika ni moja tu, ya mwalimu. Ahifadhi taarifa usiku, asubuhi atoe fotokopi moja kwa kila dawati. Aliyefanya hivyo hata Januari 2021, intaneti ilipozimwa wakati wa uchaguzi, hakukosa cha kufundishia. Katika mtaa huu huu, miaka ya 1880, mmisionari Alexander Mackay alichapa karatasi za kusomea kwa mtambo mdogo; hakungoja shehena ya vitabu kutoka Uingereza.

Wengine watasema mtihani hautauliza Kiteezi. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020 unamtaka mwanafunzi atumie alichojifunza, na asilimia 20 ya alama za kidato cha nne hutokana na kazi za darasani. Kipo kisingizio gani tena?

Hofu ya siasa siipuuzi. Mwalimu ana familia, na darasani kuna watoto wa kila chama. Basi aanze na bei ya mahindi, au na michuano ya soka ya CHAN ya Agosti 2025 iliyochezwa Kenya, Tanzania na Uganda: mechi moja isomwe kama ilivyoandikwa Kampala na Dar es Salaam, ionekane nani kamsifu nani. Siasa itakuja kwa zamu yake, nayo ikija ifundishwe kwa taarifa mbili zinazopingana, si kwa maoni ya mwalimu. Mwalimu anayehubiri chama chake darasani amewaharibia wenzake wote.

Mwalimu wa Kiswahili ndiye ninayemtazama zaidi. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima shuleni, na kila siku tunalalamika vitabu havitoshi. Lakini mashirika ya habari ya BBC na DW huandika habari kwa Kiswahili kila siku, bila malipo.

Wakuu wa shule, tengeni fedha za fotokopi na kipindi kimoja kwa wiki. Wazazi, msiulize tu mtoto amepata alama ngapi. Muulizeni habari ya wiki ilikuwa ipi, na amejuaje kwamba ni kweli. Nawe mwalimu usingoje waraka wa wizara. Anza muhula huu.