Tuwapeleke Mbwa Wote

Nataka kusema neno juu ya mbwa. Najua wako watakaocheka. Lakini wengi wetu tumetoka katika nyumba zenye mbwa wawili au watatu wa kulinda boma na kufuata ng'ombe, na siku Bwana Mifugo ajapo na sindano zake, si baba wala babu aendaye kupanga mstari. Sisi ndio tunaopewa kamba. Basi tupende tusipende, mara nyingi ni sisi tunaoamua ni mbwa gani atachanjwa na yupi atabaki.

Kwetu ni wilaya ya Serengeti, mkoa wa Mara. Mwaka juzi, katika likizo ya Juni, tulitangaziwa kwamba mbwa watachanjwa bure katika uwanja wa shule ya msingi, ili kuzuia kichaa cha mbwa. Sisi tulikuwa na watatu: dume mpole, jike aliyekuwa akinyonyesha, na mtoto wake mmoja wa miezi miwili. Babu akaniambia, "Mjukuu wangu, mchukue dume tu. Jike sindano itamkausha maziwa, na huyo mdogo atakufa." Nikajibu, "Ndiyo, babu." Nilipofika uwanjani Bwana Mifugo alikuwa hatua tatu mbele yangu, wala sikumwuliza kitu. Tena nikiri kweli: nilifurahi, kwa kuwa yule jike alikuwa mkali nami niliogopa kumfunga kamba.

Mwezi wa Novemba, nikiwa shuleni, mbwa mgeni alipita bomani mchana akamwuma jike wetu. Watu wakadhani ni ugomvi wa mbwa tu. Niliporudi Desemba nikamkuta amebadilika. Hakula, mate yalimtoka, na sauti yake haikuwa ile tuliyoizoea. Siku ya pili akamwuma mtoto wa jirani, mwenye miaka sita, mguuni.

Hapo ndipo nilipoona jinsi tulivyokuwa hatujui kitu. Mmoja alitaka kupaka majivu, mwingine alitafuta majani. Hakuna aliyekumbuka kwamba jambo la kwanza ni kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha kwenda hospitali siku ile ile. Zahanati ya karibu haikuwa na dawa, ikabidi mtoto apelekwe mjini, na kurudishwa tena na tena mpaka sindano zikatimia. Babu aliuza mbuzi wawili kumsaidia jirani. Mtoto yu hai, namshukuru Mungu. Jike na mtoto wake waliuawa. Dume, aliyekuwa akilala nao mahali pamoja, yupo mpaka leo.

Baadaye nilimwendea Bwana Mifugo nikamwuliza yale niliyopaswa kumwuliza mwezi wa Juni. Alinieleza kwamba virusi vilivyomo katika chanjo hiyo vimekwisha kuuawa, haviwezi kumtia mbwa ugonjwa. Mbwa aweza kuvimba kidogo palipochomwa, au kuwa mnyonge siku moja mbili. Maziwa hayakauki. Hata mwenye mimba huchanjwa, na hata watoto walio chini ya miezi mitatu. Kama mbwa anaumwa, mwambie mchanjaji kabla, naye ataamua. Ama wale wasemao kwamba mbwa aliyechanjwa huacha kubwekea wezi, dume wetu hajaacha kutuamsha usiku, na laiti angeacha walau siku za mitihani.

Wako watakaosema, "Mbwa ni wangu, na kuamua ni kwangu." Yako magonjwa ambayo nakubali maneno hayo, kama yale ya kuharisha damu yauayo watoto wa mbwa. Hayo hayampati mtu, na mwenye mbwa apime mfuko wake. Lakini kichaa cha mbwa si cha mwenye mbwa peke yake. Mtu akishaanza kuonyesha dalili zake, karibu hakuna apataye kupona. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu 59,000 hivi hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao katika Afrika na Asia, na katika kila watu kumi wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15.

Wataalamu husema kwamba wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Basi na tufanye hesabu ya darasa la nne. Kila nyumba yenye mbwa watatu ikipeleka mmoja, kama nilivyofanya mimi, tumechanja 33 katika 100. Mstari uwanjani utakuwa mrefu, watu watarudi nyumbani wameridhika, na ugonjwa utabaki palepale.

Wala kuchanja mwaka mmoja hakutoshi. Kisiwani Pemba mbwa walichanjwa kila mwaka kisiwa kizima, hata ugonjwa ukakoma mwaka 2014. Kisha chanjo ikalegea, na mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukaingia tena kutoka nje. Iliwabidi waanze upya, wakaufukuza mwaka 2018. Pemba wamezungukwa na bahari na bado ulirudi; sisi huku Mara hatuna bahari ya kumzuia mbwa mgeni.

Babu hapendi kusemeshwa habari ya yule jike, nami simlaumu, maana mwenye kusoma nilikuwa mimi. Sasa ana mbwa wengine wawili pamoja na dume. Kadi zao za chanjo ameziweka katika sanduku lake la bati, pamoja na karatasi za shamba. Zinakwisha mwezi wa Juni, nami nimekwisha kununua kamba mbili zaidi.